Waya wa komponenti wa Kariakoo, na duka linalokujaribishia kabla hujalipa

Nianze moja kwa moja. Kama nyumbani una flati skrini ya miaka ya nyuma kidogo na deki ya DVD au PS2 ambayo bado inapiga kazi, usikimbilie kubadilisha TV kwa sababu eti picha ina ukungu, geuza kwanza hiyo TV uangalie mgongoni. Ukikuta matundu matatu yamepangana, kijani, bluu na nyekundu, yameandikwa Y, Pb, Pr, basi TV yako inaweza kutoa picha nzuri kuliko hiyo unayoiona kila siku na kinachokosekana ni waya wa bei ndogo tu. Huo ndio waya wa komponenti, na leo nataka niuongelee huo waya wenyewe, duka nililonunua, na vitu vingine viwili vinavyouzwa hapohapo Kariakoo, kimoja kizuri, kingine naomba kabisa msinunue.

Duka lenyewe ni kichochoro tu, siwezi kukuambia jina maana halina hata bango, ni moja ya yale maduka ya waya na rimoti upande wa mtaa wa Aggrey, ukishuka mwendokasi pale Msimbazi unatembea kwa miguu. Ndani kuna mzee na kijana wake. Nilisalimia, "Shikamoo baba", akaitikia marahaba mwanangu karibu, kijana akaniuliza "Dada unataka nini tukusaidie", nikamwambia waya wa TV wa komponenti. Akachomoa wa AV, ule wa njano nyeupe nyekundu. Nikamwambia huo sio. "Si umesema wa rangi tatu?" Sikuwa nimesema hivyo ila namwelewa, wateja wengi wanakuja wanasema hivyo hivyo, na waya zote mbili zina rangi tatu na pini zake ni zilezile kabisa. Mzee akamwambia kijana, "Anataka ule wa kijani, angalia kwenye ndoo ya chini". Na kweli ulikuwa kwenye ndoo ya chini.

Sasa sikilizeni tofauti yake maana hapa ndipo watu wengi wanapopigwa. Ule waya wa njano (wenyewe wanauita kompoziti) unabeba picha nzima ndani ya waya mmoja, mwanga na rangi vimechanganywa humo humo, halafu TV ndiyo inapata kazi ya kuvitenganisha upya. Kwenye PAL, mfumo wa rangi za TV tunaoutumia sisi, rangi inapandishwa juu ya mawimbi ya megahezi 4.43 ndani ya signali ileile ya mwanga, na TV hata iwe nzuri vipi haiwezi kuvitenganisha vyote. Mabaki ndiyo yale unayoyaona, rangi nyekundu inamwagika nje ya mstari wake, na pembeni ya maandishi kuna vidoti vinatambaa kama sisimizi. Ukitaka kuhakikisha weka mechi yoyote ya Simba uliyonayo kwenye DVD uangalie jezi, yaani mabega ya mchezaji hayana mwisho, wekundu umevuja mpaka kwenye nyasi.

Komponenti haichanganyi. Waya wa kijani, Y, unabeba mwanga, yaani ile picha ya weusi na weupe yenye ukali wote, pamoja na ile alama ya kuiambia TV mstari unaanza wapi. Wa bluu unabeba tofauti kati ya bluu na mwanga, na wa nyekundu tofauti kati ya nyekundu na mwanga. Utauliza kijani chenyewe kiko wapi, hakitumwi, TV inakipigia hesabu, kwa sababu ule mwanga tayari umeshajumlisha rangi zote tatu kwa viwango vinavyojulikana (kwenye picha za kawaida za DVD kijani ni karibu asilimia 59, nyekundu 30, bluu 11), kwahiyo ukitoa mbili unapata ya tatu. Na imepangwa hivyo kwa sababu jicho la binadamu linaona ukali wa picha zaidi kwenye mwanga kuliko kwenye rangi. Mi hii kitu naipenda sana, kuna watu walikaa wakafikiria jicho linavyoona halafu wakatengeneza waya wa kulifuata.

Kuna kitu komponenti haina, na hiki kiwekeni kichwani kabla ya kutoka nyumbani: haina sauti. Waya tatu zote ni picha tu. Sauti inakwenda kwa pini zake mbili, nyeupe na nyekundu, ndio maana kuna waya zenye pini tano, na humo sasa kuna nyekundu mbili, moja ya picha moja ya sauti. Ukizibadilisha kwa bahati mbaya, ile ya picha ukaichomeka kwenye tundu la sauti, spika inaunguruma na nyuso za watu kwenye TV zinaharibika rangi, usiogope hakuna kilichoungua, zibadilishe tu. Kwetu sisi wa Bongo hii ya sauti kuwa pembeni ni faida kabisa, kila nyumba ina sabufa, basi unatoa picha kwenye TV na sauti moja kwa moja kwenye sabufa.

Turudi dukani. Kilichonifanya niandike haya yote ni kwamba mzee ana TV ndogo ukutani na deki chini ya kaunta, na ukinunua waya anakuwekea pale pale unaona. Maduka mengi kule ukishalipa ndio imetoka, kuna karatasi ukutani mali ikiuzwa hairudishwi, sasa waya utaujuaje kabla hujafika nao nyumbani? Huyu alichomeka njano kwanza, akasimamisha picha, akachomoa akachomeka komponenti, akasimamisha palepale. Nikaona kwa macho yangu. Maandishi ya chini yalikuwa na kingo, ile nyekundu ikarudi kwenye mipaka yake, vidoti vikapotea. Ila muwe wakweli na nafsi zenu, hautapata picha ya TV mpya ya 4K, DVD ni DVD, ina mistari 576 kwa PAL au 480 kwa NTSC (mfumo wa Marekani na Japani) na hakuna waya unaoweza kuongeza kitu ambacho hakikurekodiwa. Na zile CD za zamani za VCD zenye 352 kwa 288, zile hata komponenti haizisaidii sana, picha ilishaumizwa wakati wa kutengenezwa.

Waya wenyewe nililipa shilingi 12,000, wa mita moja na nusu, na wa PS2 nililipa 20,000. Ule wa 12,000 nimeupenda, pini zake zinabana vizuri kwenye tundu, hazichezi, na ndani nilipofungua kifuniko cha pini (kinafunguka kwa kuzungusha) nikakuta nyuzi za kuzunguka zimefumwa zimejaa, sio tatu nne za kudanganyia. Hilo ndilo la kuangalia, usiangalie dhahabu ya kwenye pini, dhahabu ya kule ni rangi. Na nikuongezee, kama huna hela kabisa chukua waya wako wa AV wa njano nyeupe nyekundu uchomeke kwenye matundu ya kijani bluu na nyekundu, njano iende kijani, nyeupe bluu, nyekundu nyekundu, itafanya kazi, maana pini ni moja na TV haijui rangi ya plastiki. Kiufundi waya wa picha unatakiwa uwe wa omu 75 (kipimo cha ukinzani wa umeme) na zile pini za sauti mara nyingi hazijatengenezwa kwa kiwango hicho, kwa waya mfupi wa mita moja hutaona shida kubwa, kwa waya mrefu utaona vivuli.

Nyumbani sasa, TV ya mama yangu kule Tabata. Hii ni TV ya mtumba, pembeni ina nembo ya HD ready, na nawaambieni wote mnaotafuta TV za mtumba kutoka Ulaya iangalieni sana hiyo nembo, masharti yake yaliyowekwa kule mwaka 2005 yalidai TV ikubali picha za HD za 720p na 1080i kwa njia ya komponenti na kwa njia ya dijitali pia, kwahiyo ukiiona ujue matundu yapo, ya moja kwa moja au ya kutumia kiunganishi. Zile za Uingereza zinakuwa na lile tundu refu jeusi la SCART pia, hilo linaweza kubeba RGB (nyekundu, kijani na bluu kila moja na waya wake) ambayo ni picha nzuri tu lakini sio komponenti, usije ukanunua kiunganishi cha bei rahisi cha SCART kwenda kijani bluu nyekundu ukadhani vitaelewana.

Nimechomeka, nimewasha, picha ikaja ya weusi na weupe. Mama akasema, "Mwanangu umeiharibu". Mama tulia. Picha kali isiyo na rangi maana yake TV inausoma ule waya wa kijani peke yake kama ni AV ya kawaida. Kwenye TV nyingi tundu la kijani linatumika kwa kazi mbili, ukitumia njano unachomeka hapohapo, sasa inabidi uchukue rimoti ubonyeze source uchague Component, sio AV. Nikachagua, rangi zikaja. Dalili zingine nazo zinasomeka hivyohivyo. Picha hakuna kabisa lakini sauti ipo, angalia kijani, maana ndiyo yenye alama ya kuanzia mstari. Nyuso zinaelekea ukijani, ile nyekundu ya picha imelegea au haijaingia. Simba wanacheza na jezi za bluu, umebadilisha bluu na nyekundu. Hakuna haja ya kumwita fundi kwa hayo, fundi mwenyewe atakuja kufanya hivyohivyo.

Deki nazo zina kituko chao. Hizi deki za kichina tulizojaza majumbani ukiingia kwenye Setup, sehemu ya Video Output, utakuta chaguo zimeandikwa CVBS, S-VIDEO, YUV, RGB, P-SCAN. CVBS ndiyo njano. YUV ndiyo komponenti ya kawaida, na P-SCAN ni komponenti inayochora mistari yote kwa mpigo mmoja badala ya kuruka mstari mmoja mmoja, kwenye flati skrini hiyo ndiyo unayoitaka, mwendo unakuwa laini na zile kingo za kukatika katika kama meno zinapungua. Ila sharti waya wa komponenti uwe umeshachomekwa na TV iko kwenye Component, kwa sababu ukichagua P-SCAN ukiwa bado uko kwenye njano picha inapotea hapohapo na menyu huioni tena. Ikikukuta bonyeza kitufe cha V-MODE au P-SCAN kwenye rimoti ya deki mara kadhaa mpaka irudi. Watu wametupa deki nzima kwa sababu ya hicho kitufe, inauma kwa kweli.

Kwa wenye vibanda vya gemu hii sasa ndiyo habari yenu. PS2 ina tundu lake la AV Multi nyuma, waya wake ni maalum, na ule wa PS3 unaingia hapohapo kwahiyo ukikosa mmoja chukua mwingine. Kijana wa kibanda cha mtaani kwetu alikubali tujaribu kwenye mashine yake moja, rangi zikaja za ajabu ajabu, kijani kijani tu, nikamwambia ingia kwenye System Configuration, kuna Component Video Out, ilikuwa RGB, weka Y Cb/Pb Cr/Pr. Ikakaa sawa. Tofauti kwenye gemu za mpira ni kubwa kuliko hata kwenye filamu, zile namba za migongoni zinasomeka na ile skoo ya juu haitetemeki, wateja wake watoto wakaanza kugombania mashine hiyo na kuiacha nyingine. Kuna gemu kadhaa ukishika pembetatu na X wakati inawaka inakuuliza kama unataka 480p, yaani mistari 480 yote kwa mpigo kama ile P-SCAN, kubali. Tahadhari moja, gemu za PS1 ndani ya PS2 zinatoka kwa mfumo wa 240p (mistari 240 tu) na kuna TV hazikubali kabisa 240p kwenye komponenti, utaona kiza, kwa hizo rudi kwenye njano.

Sasa kile ninachowaomba msinunue. Kuna waya unauzwa kila kona, upande mmoja HDMI upande wa pili pini tatu au tano za rangi, hakuna kiboksi katikati, waya mtupu. Wanakuambia unatoa HDMI ya king'amuzi unaingiza kwenye TV ya chogo. Haiwezekani. HDMI ni dijitali, ni namba zinazopita, komponenti na kompoziti ni analogi, ni umeme unaopanda na kushuka kufuata mwanga wa picha, hamna namna namba zikageuka umeme wa aina hiyo ndani ya plastiki bila saketi ya kugeuza. Dada mmoja wa ofisini kwetu aliuziwa, alirudi dukani (duka lingine) wakamwambia TV yake mbovu. TV haikuwa mbovu. Ukitaka kugeuza unahitaji konveta, kiboksi chenye umeme wake, kawaida volti 5 za USB, na uulize inageuza kutoka wapi kwenda wapi kwa sababu zile zinazotoa HDMI kwenda AV haziwezi kufanya kinyume chake, ingawa kwa macho viboksi vinafanana kama mapacha na tofauti ni neno INPUT limeandikwa upande gani.

Mzee ananiuzia konveta ya komponenti kwenda HDMI kwa 45,000, hii ni kwa wale wenye TV mpya kabisa zisizo na matundu ya rangi. Nimeijaribu kwa PS2 na deki. Kwa deki safi. Kwa gemu inachelewa kidogo, unabonyeza na mchezaji anapiga baada ya kamuda kadogo, watoto hawakulalamika ila mtu anayecheza kwa pesa ataliona. Na haina uchawi, inapokea ilichopewa, ukiipa 480 inakupa 480 iliyotanuliwa. Kabla ya kutoa hiyo 45,000 angalia vizuri pembeni mwa TV yako mpya, kuna nyingine zimefichia komponenti kwenye kitundu kidogo kama cha hedfoni na ndani ya boksi kulikuwa na kiunganishi kifupi ambacho watu wanakitupa pamoja na boksi lenyewe. Kikipotea nunua cha TV yenyewe, mpangilio wa ndani wa zile pini ndogo unatofautiana kati ya kampuni na kampuni, unaweza kuchomeka kikaingia vizuri kabisa ukapata sauti kwenye tundu la picha.

Mtaniuliza kwa nini tusiende HDMI moja kwa moja tukamaliza. Kama vifaa vyote viwili vina HDMI, nendeni, waya mmoja una picha na sauti na hauna hasara yoyote njiani. King'amuzi chenye HDMI kiunganishwe kwa HDMI, tangu analogi ilipozimwa Dar tarehe 31 Desemba 2012 kila nyumba ina king'amuzi na bado naona watu wana TV nzuri kabisa yenye HDMI wametumia njano kwa sababu ndiyo iliyokuja kwenye boksi, inanisikitisha. Na kwenye Blu-ray (zile diski za filamu za HD) komponenti ilifungiwa makusudi, mashine zilizotengenezwa baada ya 2010 hazitoi HD ya filamu kwa njia ya analogi, wenye filamu waliogopa kunakiliwa. Ila HDMI imetoka 2002, na vitu vingi tunavyovitumia, PS2 ya mwaka 2000, Wii (mashine ya gemu ya Nintendo), deki, havina. Kwa vitu kama hivyo ndiyo komponenti ilitengenezwa, na kwa vitu hivyo ndio waya bora kuliko wote ulionao.

Duka lenyewe nalipa alama za juu kwa ile TV ya ukutani na kwa mzee kutokuwa na papara, alimwambia kijana mbele yangu amuulize kila mteja ana TV gani kabla ya kufungua ndoo. Kasoro zake, panabana sana, watu watatu mkiingia wa nne anasubiri nje, na akiba yake ya komponenti ni ndogo maana hazitoki haraka, waya wa Wii hakuwa nao kabisa, alisema labda mzigo ujao. Piga picha mgongo wa TV yako na mgongo wa deki kwa simu kabla ya kwenda, mwonyeshe, atakupa kinachoingia.